Katekista na Bei ya Mahindi

Katekista wetu alikuwa na jozi mbili za viatu, na Jumapili alizivaa zote mbili. Gambuti za mpira alizivaa kutoka nyumbani kwake hadi mlangoni mwa kanisa, kwa sababu njia ya kigango chetu ni ya udongo unaoshika mguu. Akifika mlangoni alikaa kwenye benchi, akazivua, akazisimamisha nyuma ya mlango, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi vikang'aa. Ndani ya kanisa hakuna aliyewahi kumwona na tope. Nje hakuna aliyewahi kumwona na viatu vya ngozi. Watu walimcheka kwa hilo. Mimi nililipenda, lakini sikumwambia.

Sitaandika jina lake. Upande wetu huu wa Kitale hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Katekista: "Katekista, chai inapoa." Naye aliitika kama mtu aliyeitwa kwa jina alilopewa na mama yake.

Amekufa sasa. Kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja ambalo nilitaka anijibu yeye, si padre wala mtu mwingine. Mume wangu alikufa tukiwa tunangoja bei ya mahindi ipande. Tulitaka kuezeka nyumba. Swali langu lilikuwa hili: kutaka kwetu nyumba ndiko kulikomwua, au angekufa tu? Nilimwachia Katekista swali hilo kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha habari za kutaka. Nilimwuliza mara moja tu, mwishoni. Lakini kwanza niseme alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo jibu lake halitaeleweka.

Jumamosi alasiri alifundisha wakatekumeni, watu wanaosoma dini ili wabatizwe, na sisi tuliokwisha kubatizwa tulikaa nyuma tukisikiliza. Padre alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, au pasipo mvua mara mbili, kwa hiyo karibu kila kitu tulichojua kuhusu Mungu kilipitia kinywani mwa Katekista. Ulimi wake ulikuwa wa Bungoma. L na r zilibadilishana nafasi bila kumwomba ruhusa. Neno lake kubwa lilikuwa "harafu". Somo la kwanza hakufungua kitabu. Alimwonyesha mtu mmoja kidole akamwuliza anataka nini.

Namkumbuka mwanamume mmoja wa bodaboda aliyekuja kusoma dini ili afunge ndoa.

"Nataka pikipiki yangu mwenyewe," alisema. "Nisiendeshe ya mtu."

"Harafu?"

"Nipate pesa."

"Harafu?"

"Nijenge."

"Harafu?"

"Watoto wasome."

"Harafu?"

Yule mtu akacheka, akatutazama sisi tuliokaa nyuma. "Ai, Katekista. Si nitazeeka tu, bana."

"Harafu?"

Hapo kicheko kiliisha. Tulisikia kuku wakiparua nje. Katekista akasema, "Sasa fungua kitabu. Tunaanza hapo."

Hakuwa anaidharau pikipiki. Watu walikosea hapo, wakatoka wakisema Katekista hataki maendeleo. Yeye alisema pikipiki ni nzuri, nyumba ni nzuri, ng'ombe wa maziwa ni mzuri sana, na Mungu aliviona kuwa vyema kabla sisi hatujaviona. Alisema kosa haliko kwenye kitu. Kosa ni kukiomba kitu kifanye kazi ambayo hakiwezi. "Sufuria si ugali," alisema. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona sufuria zimepangwa hadi juu zinang'aa na watu hawajala, utasema nini?

"Lakini Katekista, ugali bila sufuria unaupikia wapi?" Huyo alikuwa Mama Wanjiru, jirani yangu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Kirinyaga na ambaye anauza viatu vya mitumba sokoni Kitale. Hajawahi kunyamaza mahali popote.

"Kweli kabisa," Katekista akasema. "Ndiyo maana Mungu hakukataza sufuria."

Ubaoni aliandika maneno matatu, moja chini ya lingine: raha, furaha, heri. Raha ni ya mwili, alisema, kama chai ya moto, kama kuketi baada ya kupalilia. Furaha ni ya moyo: mtoto amepita mtihani, mgonjwa ameamka. Hizo mbili huja na kuondoka, na ukizikimbiza zinakimbia. Heri haiji na haiondoki, kwa sababu heri ni kufika. Ni kumwona Mungu, ukose kitu kingine cha kutaka. Alisema moyo wa mtu umetengenezwa kwa kipimo hicho, ndiyo maana ukimwagia shamba la ekari ngapi bado unasikika mtupu ukigongwa.

"Sasa mbinguni nitakaa tu hivyo, sitaki kitu?" Mama Wanjiru aliuliza. "Si nitaboeka?"

"Wewe utakuwa mlangoni unauza viatu."

"Basi utakuwa kastoma wangu wa kwanza. Nitakuuzia jozi ya tatu."

Tulicheka, naye akacheka, akatazama chini kwenye viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa. Mume wangu alikuwa ameketi karibu nami siku hiyo. Alikuwa mtu wa kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nililisikia bega lake.

Alhamisi Katekista alikwenda Kipsongo. Ni mtaa wa watu wa vibarua pale Kitale, nyumba za mabati ya zamani na magunia ya nailoni. Aliwafundisha chini ya paa la mtu aliyekuwa akiuza makaa. Siku moja aliwaambia kwamba wao maskini ndio walio karibu na heri kuliko wenye mashamba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha akamwambia, "Katekista, hiyo heri si ikuje na unga kidogo." Alitusimulia haya mwenyewe katika jumuiya yetu ya sala. Alhamisi iliyofuata alifunga gorogoro tatu za mahindi, yale makopo ya kupimia sokoni, kwenye baiskeli, na somo lile hakulirudia kule tena. "Nilifundishwa," alisema. "Nilikuwa nimewapelekea watu wenye njaa habari kwamba njaa ni nzuri. Njaa si nzuri. Mtu asiye na kitu hana budi kutaka, na Mungu hamkasirikii."

Kwa hiyo alikuwa mtu wa kukubali kosa, nyakati nyingine. Nyakati nyingine hakukubali. Mzee mmoja mpiga ngoma wa kwaya alichelewa Jumapili ya Matawi, Katekista akamwambia mbele ya watu wote arudi akalale. Yule mzee alirudi nyumbani na ngoma yake na hakukanyaga kanisa letu tena; alihamia kanisa lingine lililo na magitaa. Katekista alijua alikuwa amekosea. Alipita njia ya nyumba ile kila wiki na hakuingia.

Alipenda sukari. Vijiko vinne, na ukimwekea vitatu alionja akaweka kikombe chini akakutazama. Wakati wa Kwaresima aliacha sukari kabisa, na kigango kizima kilijua, kwa sababu alikuwa mkali kama siafu. "Ngojeni Pasaka ndipo mumwombe kitu," wanawake walisema. Mama Wanjiru alimshauri aache kuacha sukari, kwa sababu dhambi anazofanya bila sukari ni nyingi kuliko anazofanya nayo. Alimwambia hivyo usoni. Katekista akasema atalifikiria. Hakuacha kuacha.

Na alitaka sofa.

Hili lilijulikana kwa sababu barabarani, unapokaribia mjini, kuna mafundi wanaotengeneza sofa nje, mbao zikiwa wazi na sponji zimepangwa kama mikate. Katekista alisimamisha baiskeli pale kila alipopita. Alibonyeza viti kwa kiganja, akangoja sponji ipande, akabonyeza tena. Alikuwa na mgongo mbaya. Maisha yake yote alikaa kwenye mbao: mabenchi ya kanisa, mabenchi ya shule, stuli ya jikoni kwake. Hakutaka seti nzima. Alitaka kiti kimoja cha mtu mmoja, chenye mikono minene. Mume wangu alimtania: "Katekista, sofa. Harafu?" Naye akajibu bila kucheka, "Harafu nikae."

Kila mtu aliona ni jambo dogo. Mimi pia niliona hivyo. Hata sasa naona kiti ni kitu kidogo.

Sasa niseme habari za stoo, maana mtu wa mbali anaweza asituelewe.

Kwetu mahindi huvunwa Oktoba na Novemba. Wakati huo kila mtu ana mahindi, na mabroka, madalali wa mahindi, huja na malori yao na bei ya dharau. Mwenye uwezo wa kungoja hukausha, hupiga dawa ya wadudu, hupanga magunia hadi darini, hufunga mlango kwa kufuli. Hafungui mpaka Mei au Juni, bei ikishapanda. Na kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: stoo ikifunguliwa kabla ya wakati, haifungiki. Ukitoa magunia mawili kwa shida yako, ndugu atasikia, atakuja na shida yake. Broka naye akijua una haraka atakupa bei ya mtu mwenye haraka, na jirani zako wote watapewa bei hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukopa unga dukani huku stoo yake imejaa. Mtu anaweza kumrudisha mtoto nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo, afunge mlango wa stoo, alale. Tuliita hiyo akili. Mtu aliyefungua Januari tulimhurumia kama mlevi.

Mwaka ule tulivuna vizuri kuliko miaka yote. Nyumba yetu ilikuwa na kuta tayari; matofali tulifyatua sisi wawili, yeye akikanyaga udongo na mimi nikimwagia maji. Tuliishi kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa kando, na kila asubuhi tukifungua mlango tuliziona zile kuta hazina kichwa. Mahindi yale yalikuwa mabati. Hatukuyaita mahindi. Tulisema, "Mabati yako salama? Panya hawajaingia?" Katekista hakuwa na stoo, kwa hiyo magunia yake sita yalikaa ndani ya yetu. Aliyaita kiti.

Januari mume wangu alianza kushika tumbo. Alikunywa dawa nyeupe ya chupa, ikatulia, ikarudi. Kwenye zahanati walimwambia aende hospitali kubwa apigwe picha ya tumbo, na hiyo ilihitaji pesa kwanza. Jioni moja aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa amejikunja kidogo, akaniuliza, "Mama Nafula, unaonaje? Tufungue?"

Nikamwambia, "Vumilia kidogo. Baada ya Pasaka."

Nataka hilo lisomwe vizuri. Si yeye aliyesema tungoje. Ni mimi. Yeye aliuliza tu, na nilipojibu alitikisa kichwa kukubali, akasema ni kweli, stoo ikifunguliwa haifungiki.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Tulimbeba kwa pikapu ya jirani. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimepasuka ndani. Daktari aliniuliza, "Mlikuwa wapi wiki zote hizi?" Nikamwambia tulikuwa nyumbani. Alikufa kabla ya saa sita mchana, nami nikasaini karatasi, nikaambiwa nisubiri kwenye benchi, nikasubiri.

Sikulia. Watu walidhani nitalia kaburini, kisha wakadhani nitalia siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele baada ya mazishi. Sijalia mpaka leo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Katekista aliongoza sala zote. Alibeba msalaba, alianzisha nyimbo, alisoma. Lakini hakuniangalia. Kwa kawaida alimshika mfiwa mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema. Mkono wangu hakuushika. Nilidhani ananihukumu. Nilidhani amepita nyuma ya macho yangu akaona nilichomwambia mume wangu pale kwenye ndoo.

Juni bei ilipanda. Nilifungua. Broka alisema mahindi yako ni masafi, mama, hongera. Nilipotaka kumpa Katekista pesa za magunia yake alikataa, akasema yasiuzwe, yapelekwe Kipsongo. Nikayapeleka. Wanawake wa kule waliimba. Nilirudi nikiwaza kwamba huyu mtu ni mwema kweli, na kwamba wema wake unanisema.

Niliezeka nyumba. Wiki ya kwanza nilipolala ndani mvua ilinyesha na mabati yakapiga kelele kama watu wengi wanaopiga makofi. Nilisikiliza kama ninaweza kusikia raha, au furaha, yoyote kati ya yale mawili ya kwanza. Sikusikia kitu. Niliamka nikapika chai.

Agosti, Jumapili moja isiyokuwa na padre, somo lilikuwa la yule tajiri aliyevuna sana akapanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Katekista alilisoma hadi mwisho. Watu wachache waligeuka kunitazama, kisha wakageuka haraka. Ilikuwa zamu yake ya kutoa mafundisho. Alifunga kitabu, akakaa. Tulingoja afundishe, mpaka mwalimu wa kwaya akaona aibu, akaanzisha wimbo. Nilidhani alinihurumia.

Baada ya hapo alibadilika, ingawa si kwa namna ambayo mgeni angeona. Viatu vilikuwa vilevile, sukari ileile. Lakini Jumamosi alifungua kitabu mara tu alipoingia. Mama Wanjiru alimwuliza, "Katekista, siku hizi hutuulizi harafu. Kwani tumefika?"

"Nimechoka kuuliza watu," alisema.

Na pale kwa mafundi wa sofa alipita upande ule mwingine wa barabara. Nilimwona mara mbili.

Miaka ikaenda hivyo. Tulikuwa katika kanisa moja, jumuiya moja. Tulisalimiana. Swali langu nililiweka kwa sababu niliogopa atanijibu kwa somo. Ningeweza kuvumilia aniambie ndiyo, wewe ndiye uliyemwua. Nisingeweza kuvumilia aniandikie maneno matatu ubaoni.

Miguu yake ilivimba. Binti yake, aliyeolewa upande wa Bungoma, akaja akamchukua, na kigango kikapata katekista mwingine, kijana mwenye simu nzuri. Baadaye nikasikia amelazwa hospitali ya misheni kule Lugulu. Niliondoka Kitale asubuhi, nikabeba ndizi mbivu na sukari ya robo kilo, na nilipofika niliambiwa amekatazwa sukari, irudi kwenye mfuko.

Alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yakawa makubwa. Binti yake alitupisha, akaenda kufua nguo kwenye bomba.

"Mama Nafula," alisema. "Umetoka mbali."

"Si mbali sana, Katekista."

"Hawa wa hapa si wa kanisa letu." Alisema kwa sauti ya chini, kama siri. "Lakini wanafua shuka vizuri. Nimetafuta la kuwapinga, nimekosa."

Nilimmenyea ndizi, akala nusu. Tulizungumza habari za kigango: nani amezaa, nani amehama, Mama Wanjiru amefungua kibanda cha pili. Kisha yakaisha. Nikaona kama sitauliza wakati huo sitauliza tena.

"Katekista, nina neno. Usinijibu kwa somo."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kaburini kwamba alinitazama sawasawa.

"Baba Nafula alitaka kwenda hospitali. Tulikuwa na stoo imejaa. Je, ni kutaka kwetu nyumba kulikomwua?"

Nilidhani anatafuta maneno ya kanisa. Mkono wake ulikuwa unavuta uzi uliochomoka kwenye blanketi.

"Aliniuliza mimi," akasema.

"Alikuuliza nini?"

"Alikuja kwangu Jumanne. Alikuwa anashika hapa." Akajigusa ubavu. "Akasema, Katekista, nifungue niuze kidogo niende hospitali, ama ningoje? Akasema, wewe una mahindi yako mle, sitaki kukuharibia bei. Nikamwambia ngoja. Nikamwambia tumbo ni kitu cha kuzoea, Pasaka imekaribia."

Nililikunja ganda la ndizi mkononi.

"Nilikuwa nimeshachagua kitambaa cha kiti," alisema. "Kile cha kahawia. Fundi alikuwa amenikatia kipande nikakaa nacho mfukoni."

Nje binti yake alikuwa anakamua nguo. Nilisikia maji yakianguka kwenye saruji.

"Miaka yote nilifundisha watu mambo haya," akasema. "Nimeulizwa kweli mara moja tu. Mara moja, na mtu mwenye maumivu. Nikaferi." Aliendelea kuvuta uzi. "Umesema nisikupe somo. Sina. Nyumba haikuwa dhambi. Kiti hakikuwa dhambi. Lakini mtu alisimama mbele yetu na sisi tukampanga foleni nyuma ya kitu. Tukamwambia angoje zamu. Hiyo ndiyo naiona nikifumba macho. Heri siijui, Mama Nafula. Niliifundisha tu."

Nikamwambia na mimi. Nikamwambia habari za ndoo, na nilichosema, na kwamba nilipokuwa nasema nilikuwa naona mabati. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata padre, kwa sababu kwa padre nilisema tu kwamba sikumtunza mume wangu vizuri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza kitu ambacho sikuwa nimepanga kuuliza.

"Ulipomwambia angoje, alisema nini?"

"Akasema, basi vizuri, hata mama watoto ameona hivyo." Katekista alivuta pumzi. "Alienda amefurahi. Alikuwa na shaka, sasa watu wawili aliowaamini wamesema neno moja. Alienda anatembea pole pole, lakini amefurahi."

Mwuguzi akaja, akampima, akaandika, akaenda.

"Ningekuwa padre ningekuondolea dhambi," Katekista akasema. "Mimi si padre."

"Hata mimi si padre."

"Basi."

"Lakini nimekusamehe," nilisema. Nilipolisema sikusikia kitu chochote ndani. Lilitoka kama mtu anayesoma ubao wa duka.

Akanitazama kwa makini. "Unasema kweli?"

"Bado. Lakini nimesema."

Alifikiri kidogo. "Inatosha kwa leo," alisema, akanyoosha mikono yake miwili, akaushika mkono wangu wa kulia, tukakaa hivyo mpaka binti yake alipoanika nguo zote na kurudi.

Alikufa Ijumaa ya wiki ile. Walimzika Bungoma; nilikwenda, nikakaa na wanawake nyuma, nikapika.

Yale maneno, "nimekusamehe", ninayasema kila asubuhi kabla sijafungua mlango, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili yangu. Kwa upande wake yameanza kuwa kweli. Kwa upande wangu bado nayasema tu.